Mzamiaji Aliye Chini na Boti Inayopita Juu

Nimepotea kidogo humu, testi zimefuatana mfululizo na kichwa kilikuwa hakikai sawa. Leo nimepata upenyo, nimekaa zangu maktaba mpya, nje mvua inanyesha, nikaona badala ya kulalamikia bumu kama kawaida yangu niwaletee historia kidogo. Si historia ya kwenye mtihani, msijali.

Nataka kuandika kuhusu wazamiaji. Nilipomwambia rumeti wangu hivyo akaniuliza, "Wazamiaji wa Sauzi au wa Ulaya?" Kwetu mjini mzamiaji ni yule kijana aliyejificha ndani ya meli bandarini, akaja kuibukia Durban. Au yule anayeingia harusini bila kadi na kuwa wa kwanza kwenye foleni ya pilau. Hao wana historia yao, tutawaandikia siku nyingine. Mimi nasema mzamiaji wa maji, anayeshuka chini kwa pumzi yake au kwa mtungi wa hewa. Wazazi wetu wanawakumbuka wale waliokuja Mwanza ilipozama MV Bukoba mwaka 1996. Sisi wa umri huu tunawakumbuka wale wa MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, walipomtoa mtu akiwa hai siku mbili baada ya kivuko kupinduka.

Swali langu la leo ni dogo. Mtu akiwa chini ya maji, boti inayopita juu itajuaje kwamba yupo? Linaonekana la kitoto, lakini limechukua watu miaka mingi kulijibu na jibu lenyewe hadi leo lina matundu. Na kwetu sisi wa pwani si swali la kwenye vitabu, nitawaambia kwa nini.

Tuanze mbali. Zamani mzamiaji alikuwa na kamba. Chukua wazamiaji wa lulu wa Ghuba, kule Bahrain, Kuwait, Qatar na pwani ya Oman na Emirati. Mzamiaji alishuka na jiwe la kumvuta chini, na juu kwenye jahazi alikuwepo mvutaji wake, mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba na kusubiri itikiswe. Ikitikiswa, anavuta upesi. Hapa na sisi tumo: katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu walipelekwa Ghuba na kufanywa wazamiaji wa lulu. Kwa hiyo kati ya vichwa vilivyokuwa vikiibuka pale majini na kuzama tena, vingine vilikuwa vya watu waliozaliwa huku kwetu. Biashara ile ilikuja kuporomoka miaka ya 1920 na 1930, lulu za kufugwa za Wajapani zilipoingia sokoni na uchumi wa dunia ukaanguka.

Angalia lakini jambo moja. Mzamiaji yule hakuhitaji bendera. Jahazi lenyewe lilikuwa alama yake. Lilisimama palepale juu yake, kubwa, limejaa watu, na vyombo vilivyopita vilikwenda kwa tanga au kasia. Hakuna aliyekuja mbio kiasi cha kushindwa kukwepa.

Ikawa hivyohivyo Ulaya walipoanza kutumia kofia za shaba. Fundi Augustus Siebe wa London ndiye anayetajwa zaidi, miaka ya 1830. Mzamiaji alivaa kofia kubwa iliyoungwa na nguo yake, hewa ikaja kwa mpira kutoka pampu iliyokuwa juu. Kazi ngumu, lakini mpira ule ulimfunga na chombo kama mtoto na kitovu chake. Ukiona chombo kimetulia na watu wanapampu, unajua kuna mtu chini.

Halafu kuna akina mama wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini. Hawa ninawapenda sana. Wanaitwa haenyeo, wanazamia kwa pumzi tu, bila mtungi, wanatafuta konokono wa baharini na mwani na vingine vya kuuza, na wengi wao siku hizi ni bibi kabisa. UNESCO iliuweka utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2016. Sasa mama wa Jeju haendi na jahazi kila mara. Anaogelea kutoka ufukweni. Kwa hiyo anakwenda na boya lake, wanaliita tewak, na zamani tewak lilikuwa nini? Kibuyu! Kibuyu kikavu, kama hiki tunachonywea togwa kijijini, kimefungwa wavu chini yake wa kuwekea alichovuna. Akiibuka anakikumbatia, anapumzika, anavuta pumzi kwa sauti kama mluzi. Akiwa chini, kibuyu kinabaki juu kinamwakilisha. Baadaye vibuyu vikaachwa, wakahamia kwenye yale maboksi meupe mepesi kama ya kufungashia televisheni, na mengi sasa yanavishwa kitambaa cha rangi kali kama machungwa. Hakuna waziri aliyewafundisha kubeba kibuyu. Ni akili ya kazi.

Kamba ilikatika mwaka 1943. Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau, askari wa majini, na Émile Gagnan, mhandisi, walitengeneza kifaa kinachompa mtu hewa kutoka kwenye mtungi mgongoni kadiri anavyovuta. Vita ilipokwisha kifaa kikaingia madukani. Mwaka 1956 filamu ya Cousteau ya ulimwengu wa chini ya bahari ikashinda tuzo kuu pale Cannes, na vijana wa Ulaya na Marekani wakapagawa. Kila mtu anataka kuzamia.

Mzamiaji sasa akawa huru kabisa. Anashuka hapa, anaibuka mita 200 kule. Hakuna kamba, hakuna mpira, hakuna mtu wa juu anayejua yuko wapi. Na miaka hiyohiyo boti za starehe zenye mashine za nje zikawa rahisi kununua, zikajaa kwenye maziwa na fukwe zilezile. Historia bwana, inapenda kukutanisha vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakina neno.

Hapa naomba muda kidogo wa fizikia, walimu wa sayansi mnisahihishe. Mtu anaweza kusema, "Si mzamiaji atasikia mashine akwepe?" Kusikia atasikia. Ila sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Ubongo wetu unajua sauti inatoka upande gani kwa kupima tofauti ndogo ya muda kati ya sikio hili na lile, na majini tofauti hiyo inakuwa ndogo mno. Matokeo yake boti inasikika kama iko kila mahali. Unaisikia, hujui inatoka wapi.

Basi atazame juu aone? Haya, tupige hesabu. Mzamiaji wa mtungi anashauriwa kupanda polepole, tuseme mita 9 kwa dakika, kwa sababu akikimbilia juu anaweza kupata madhara mabaya ya mapafu na damu. Mita 5 za mwisho zitamchukua kama sekunde 33. Boti inayokwenda noti 30 inakata mita 15 na ushee kwa sekunde. Kwa hizo sekunde 33 inakuwa imemaliza kama mita 500. Maana yake boti itakayomgonga akiibuka, wakati anaanza kupanda zile mita 5 ilikuwa nusu kilomita kutoka alipo. Hakuna macho ya kuona hivyo ndani ya maji. Na nahodha naye ukimpa kichwa cheusi chenye kofia nyeusi ya mpira, katikati ya mawimbi, jua likimpiga usoni, hata akikiona akiwa mita 100 ana sekunde sita na nusu tu. Kwa hiyo suala si uzembe peke yake. Hawa wawili hawawezi kuonana mpaka kuwe na kitu cha tatu katikati yao.

Kitu hicho cha tatu kilipatikana Michigan, Marekani, kwenye yale Maziwa Makuu ya kwao, mwaka 1956. Mzamiaji mmoja, Denzel James Dockery, alibuni bendera: nyekundu, ina mstari mweupe unaokatiza kimshazari kutoka pembe ya juu upande wa mlingoti hadi pembe ya chini upande wa pili. Mwenzake Ted Nixon, aliyekuwa akiuza vifaa vya kuzamia, akaitangaza kila alikokwenda. Haikutoka serikalini. Ilitoka kwa watu waliochoka kupitiwa na boti. Majimbo yakaja kuiweka kwenye sheria baadaye. Ikapendwa mpaka bendi ya Van Halen ikaifanya jalada la albamu yao ya mwaka 1982.

Mabaharia nao walikuwa na njia yao. Meli zina alfabeti ya bendera, mfumo ambao mzizi wake ni kitabu cha ishara kilichotolewa Uingereza mwaka 1857. Bendera ya herufi A ni nyeupe upande wa mlingoti na buluu upande wa nje, imekatwa mwishoni kama mkia wa mbayuwayu. Katika kitabu cha ishara cha mwaka 1931, meli ikiipandisha hiyo bendera A ilikuwa inasema, "Niko kwenye majaribio ya mwendo kasi." Yaani pisheni nakimbia! Kitabu kikaandikwa upya mwaka 1965, kikaanza kutumika 1969, na A ikapewa maana mpya: nina mzamiaji chini, kaa mbali na upite polepole. Bendera ileile, maana imegeuka kichwa chini miguu juu. Kila nikisoma hapo nacheka peke yangu, mlinzi wa maktaba ananiangalia.

Kisha zikaja Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kazi Julai 1977. Kanuni ya 27 inasema chombo ambacho hakiwezi kukwepa wengine kwa sababu ya kazi yake kionyeshe alama tatu nyeusi zilizopangwa wima, mpira juu, umbo la almasi katikati, mpira chini. Usiku ni taa nyekundu, nyeupe, nyekundu. Boti ndogo ya wazamiaji isiyoweza kubeba hayo yote inaruhusiwa kuweka bendera A ngumu, si ya kitambaa, yenye kimo kisichopungua mita 1, ionekane pande zote.

Tukawa na bendera mbili, na watu wengi huzichanganya. A inazungumzia chombo: mimi boti nina kazi hapa, siwezi kukukwepa, nikwepe wewe. Ile nyekundu ya Michigan inazungumzia mtu: hapa majini kuna binadamu. Mzamiaji aliyejitenga na boti yake mita 80, A haimlindi sana. Kwa hiyo wazamiaji wakarudi kwenye kibuyu cha akina mama wa Jeju bila kujua. Wanavuta boya lenye bendera kwa kamba, au wanabeba boya refu la plastiki la rangi kali, limekunjwa, wakikaribia kupanda wanalijaza hewa wakiwa bado chini na kulituma juu litangulie. Linasimama kama kidole kikubwa. Nahodha anaona kidole kabla ya kichwa.

Sheria nzuri niliyoikuta ni ya Florida kwa sababu inawabana wote wawili. Mzamiaji lazima aonyeshe alama na asiende mbali nayo. Mwenye boti akae futi 300 kutoka kwenye alama akiwa maji ya wazi, hiyo ni kama mita 91, na futi 100 kwenye mito na njia za vyombo. Akilazimika kukaribia zaidi ya hapo, apunguze mashine hadi ivume tu. Na wazamiaji wakishatoka majini, alama ishushwe. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Bendera ikiachwa inapepea kutwa nzima bila mtu chini, manahodha wanaizoea kama tulivyozoea kibao cha "usitupe taka hapa".

Lakini alama peke yake haitoshi. Tarehe 18 Desemba 2000, mwimbaji wa Kiingereza Kirsty MacColl, yule aliyeimba na The Pogues wimbo wa Krismasi unaopigwa kila Desemba, alikuwa anazamia na wanawe wawili wa kiume pale Cozumel, Mexico. Eneo lile lilikuwa limetengwa, boti zilikuwa haziruhusiwi kupita hivihivi. Ikaja boti ya kasi. Walikuwa wanaibuka. Akamsukuma mwanawe pembeni, yeye ikampiga, akafa palepale. Alikuwa na miaka 41. Mfanyakazi wa boti alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka 2 na miezi 10, halafu sheria ya kule ikamruhusu kulipa faini badala ya kifungo. Faini ilikuwa sawa na pauni 61 hivi. Mama yake Kirsty na marafiki waliendesha kampeni ya kudai haki hadi mwaka 2009. Eneo lilikuwepo, sheria ilikuwepo. Aliyeshika usukani hakuzifuata, basi.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mmeanza kusema huyu naye Florida inamhusu nini.

Mimi ni wa Kilwa. Kwetu wanazamia, ila hawana mtungi wala boya la plastiki. Wana miwani, mshale na kaptura nyeusi. Wanatafuta pweza na kamba koche kwenye miamba. Zamani walipishana na ngalawa na mashua, chombo kinakuja unaona tanga lake mapema, hata mtoto anajua kukipisha. Siku hizi kuna boti za faiba zenye mashine mbili nyuma, zinabeba watalii, samaki, mizigo, kila mtu ana haraka. Ni hadithi ya Marekani ya miaka ya 1950, imetufikia sisi kwa kuchelewa.

Mshikaji niliyesoma naye shule ya msingi alipitiwa na boti miaka michache iliyopita. Propela ilimchana bega. Alipona, ila mkono wa kushoto haunyanyuki kupita kifua, na mvuvi wa mkono mmoja mnajua maisha yake. Boti ya nani siandiki. Nahodha aliapa mbele ya wazee kwamba hakuona mtu. Na mimi namwamini! Hakukuwa na kitu cha kuona. Wazee wakasema ni ajali ya bahari, likaisha. Ndilo linaloniuma. Tukishaita ajali ya bahari, hakuna anayeuliza tena, na kesho wengine wanaingia majini vilevile.

Nilipokwenda likizo nilimfuata baba mdogo, naye ni mzamiaji, nikampelekea wazo. Nikamwambia, "Shikamoo baba mdogo, kwa nini msifunge hata dumu la mafuta ya kula, lile la njano la lita 5, kwa kamba kiunoni, na kijiti chenye kitambaa chekundu juu?" Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, wewe ni msomi. Nikiweka bendera juu ya mwamba wangu, kesho watu ishirini wako pale. Mwamba ule nimeutafuta miaka."

Nikakosa jibu la haraka. Kwenye vitabu vyote nilivyosoma, hakuna anayesema kwamba kuonekana kuna gharama. Mtalii anayezamia kutazama samaki wa rangi hapotezi kitu akionekana. Mvuvi anapoteza siri ya chakula chake. Halafu akaongeza la pili: kamba inanasa kwenye matumbawe. Hilo nalo ni kweli, hata wazamiaji wa kizungu wanalilalamikia.

Tukajadiliana hadi usiku. Tulichokubaliana ni hiki: kwenye mkondo zinakopita boti, dumu litafungwa, maana pale hakuna siri, kila mtu anapajua. Na kamba isifungwe kiunoni, ishikwe mkononi, ikinasa anaiachia. Kwenye mwamba wake, hapana, hataki kusikia. Kule anamwacha mwanawe juu ya mtumbwi, apunge kitambaa ikija boti. Nikafikiri, si ndio yule mvutaji wa jahazi la lulu? Mtu wa juu anayemlinda wa chini.

Upande wa pili wa mkataba ni manahodha. Dumu la njano halina faida kama anayepita anadhani ni taka au mtego wa samaki. Hapo nadhani kazi ni yetu sisi tunaojiandaa kushika chaki. Mtoto wa darasa la tano wa Kilwa, Mafia, Pangani au Nungwi anachora bendera ya taifa na kujua kila rangi ina maana gani. Hatashindwa kujifunza nyingine mbili: nyekundu yenye mshazari mweupe, na ya buluu na nyeupe yenye mkia wa mbayuwayu. Nusu ya darasa hilo wataendesha boti na nusu nyingine watazamia, wengine watafanya vyote. Nikipangiwa TP shule ya pwani, somo hilo nitalichomeka hata kama halimo kwenye andalio la somo. Mkaguzi akija mtanitetea.

Mwenye mjomba nahodha amsomee haya. Na wale wenzangu wa pwani, kwenu wazamiaji wanajitambulishaje majini? Kuna wanaotumia boya, au wote ni kama baba mdogo? Niandikieni hapo chini, nataka kukusanya majibu.

Haya, nawahi chakula kabla foleni haijafika mlangoni. Jumatatu nina prezentesheni na sijagusa kitu. Tuko pamoja.